Gari Linapotoa Taarifa: Fahamu Taa ya Injini na Mtandao wa Mawasiliano Ndani ya Gari

Taa ndogo ya njano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi, ni miongoni mwa alama zinazopuuzwa sana na wenye magari katika ukanda wa Ziwa Victoria. Wapo madereva wanaoendesha miezi mingi ikiwa inawaka. Wapo wanaoifunika kwa kipande cha gundi ili isiwasumbue macho usiku, na wapo wanaomlipa fundi aing'oe kabisa. Sababu inayotolewa mara nyingi ni moja: gari bado linatembea.

Kwa mtu anayetumia gari lake kwenda dukani na kurudi, hasara ya uzembe huo huenda ikaishia mfukoni mwake. Katika kata za vijijini, hata hivyo, gari la mwananchi mmoja mara nyingi ni huduma ya wengi. Mfumo wa m-mama, unaosafirisha kwa dharura wajawazito, akina mama waliojifungua na watoto wachanga, ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mwananchi hupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali au likiwa kazini, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva huyo anapoamshwa saa nane usiku, hapati nafasi ya kwenda kwa fundi kwanza. Hali ya gari lake usiku huo ni ile aliyoiacha jioni, pamoja na taa aliyoizoea.

Makala hii inaeleza taa hiyo inatoka wapi, inasema nini, na mwananchi afanye nini anapoiona.

Kutoka waya mmoja mmoja hadi mtandao

Gari la miaka ya 1970 lilikuwa na kabureta, platini na nyaya zisizo nyingi. Kila swichi ilikuwa na waya wake uliokwenda moja kwa moja kwenye taa au mota yake. Fundi mwenye taa ya majaribio na subira aliweza kuufuata waya huo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Gari la leo limejengwa kwa namna nyingine. Injini yake huongozwa na kompyuta ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa vihisi, yaani sensa, vinavyopima joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mwendo wa mtaimbo wa injini na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kwa habari hizo huamua, mara nyingi katika kila sekunde, kiasi cha mafuta ya kupulizwa na wakati wa kuwasha plagi. Giaboksi ya otomatiki ina kompyuta yake. Vivyo hivyo breki za ABS, mifuko ya hewa ya kujikinga na ajali, usukani wa umeme na dashibodi yenyewe. Gari dogo la familia huwa na kompyuta kadhaa. Gari la kifahari huweza kuwa nazo zaidi ya hamsini.

Kompyuta hizo haziwezi kufanya kazi bila kusikilizana. Giaboksi inahitaji kujua mzunguko wa injini kabla ya kubadili gia. Dashibodi inahitaji kujua mwendo wa magurudumu, ambao hupimwa na vihisi vya breki. Kama kila kompyuta ingeunganishwa na kila nyingine kwa waya wake, gari lingebeba mzigo mkubwa wa nyaya, wenye gharama kubwa na maelfu ya mahali pa kukatika.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kulitafutia ufumbuzi tatizo hilo mwaka 1983, na Februari 1986 ikatangaza mjini Detroit, Marekani, mfumo unaoitwa CAN. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumo huo ulikuwa umeanza kutumika katika magari ya Mercedes-Benz, na leo ndio mtandao ulioenea zaidi ndani ya magari duniani.

Mfumo wa CAN unafanana na mkutano mkuu wa kijiji. Wote wamekaa katika uwanja mmoja, na anayesema husikika na kila mtu. Hamtaji anayemwambia, hutaja jambo lenyewe. Kompyuta ya breki hutangaza: "Huu ndio mwendo wa magurudumu." Dashibodi huichukua habari hiyo ili kusogeza mshale wa mwendo, giaboksi huichukua ili kuchagua gia, na kompyuta isiyoihitaji huiacha ipite. Wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja, kila ujumbe una namba yake ya umuhimu, na wenye namba ndogo zaidi ndio unaoendelea. Aliyenyamaza hapotezi neno lake, bali husubiri na kulirudia. Kwa njia hiyo habari ya breki haicheleweshwi na habari ya kioo cha dirisha.

Uwanja wa mkutano huo ni nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mtandao ukiwa kimya, kila waya huwa na takriban volti 2.5. Ujumbe unapopita, mmoja hupanda hadi kama volti 3.5 na mwingine hushuka hadi kama volti 1.5, na kompyuta husoma tofauti kati yao. Kwa kuwa nyaya zimesokotwa, mtikisiko wa umeme kutoka kwenye alteneta au plagi huzigusa zote mbili kwa kiasi kile kile, na tofauti hubaki pale pale. Ndiyo maana fundi anayezikata na kuziunga upya bila kuzisokota huweza kuanzisha hitilafu inayokuja na kutoweka, ambayo ni ngumu kuitafuta.

Hapa kuna funzo kwa mwenye gari. Taa nne au tano zikiwaka kwa pamoja, ya injini, ya ABS, ya usukani na ya mifuko ya hewa, si lazima vitu vinne viwe vimekufa siku moja. Yawezekana panya ameguguna nyaya za mtandao, au maji yameingia katika kiungio kimoja. Kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine katika hali hiyo ni kutupa fedha. Katika magari mengi fundi anaweza kuanza kwa kipimo rahisi: huondoa betri, kisha hupima kwa mita ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN. Ohmu 60 ni dalili kwamba mtandao mzima umeungana. Ohmu 120 ni dalili kwamba upande mmoja umekatika au kizuizi cha mwisho hakipo. Kipimo kinachokaribia sifuri humaanisha nyaya zimegusana.

Kwa nini gari lilifundishwa kujichunguza

Taa ya injini haikuanzishwa kwa ajili ya kumsaidia fundi, bali kwa sababu ya moshi. Jimbo la California nchini Marekani, lililosumbuliwa kwa miaka mingi na hewa chafu, liliwataka watengenezaji waweke mfumo wa gari kujichunguza kuanzia magari ya mwaka 1988. Mfumo huo huitwa OBD. Toleo lake la pili, lenye soketi na lugha ya pamoja kwa magari ya kampuni zote, lilikuwa la lazima kwa magari madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, nayo Japani ikaweka kanuni zake.

Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na desturi yake. Mafundi wengi wa Mwanza waliokomaa wanakumbuka Toyota za zamani zenye kisanduku kidogo karibu na injini. Fundi aliunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, akawasha swichi, kisha akahesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Idadi ya mipepeso ndiyo iliyokuwa namba ya hitilafu.

Leo soketi ya uchunguzi ina matundu 16 na kwa kawaida iko chini ya dashibodi, karibu na usukani. Mashine ya kusoma gari huchomekwa hapo na kuonesha msimbo wa herufi moja na tarakimu nne. Herufi P inahusu injini na giaboksi. B inahusu bodi, ikiwamo mifuko ya hewa. C inahusu chasisi, ikiwamo breki. Na U inahusu mtandao wa mawasiliano wenyewe. P0301 husema kwamba silinda ya kwanza inakosa kuwaka sawasawa. P0171 husema kwamba hewa imezidi au mafuta yamepungua. P0420 husema kwamba masega ya kusafisha moshi hayafanyi kazi inavyotakiwa. U0100 husema kwamba mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea.

Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto na mzunguko wa injini. Fundi makini huisoma kumbukumbu hiyo kabla ya kufuta chochote.

Msimbo ni dalili, si hukumu. Homa si malaria kila mara, na mgonjwa hupimwa kabla ya kupewa dawa. Vivyo hivyo, P0171 yaweza kusababishwa na bomba la hewa lililopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba au kihisi cha hewa chenye vumbi. Fundi anayesoma msimbo na papo hapo kumtuma mteja dukani kununua kihisi kipya ameruka hatua ya kupima. Mteja ana haki ya kuuliza: "Umethibitishaje kwamba kifaa hiki ndicho kibovu?"

Ifahamike pia kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yana soketi ile ile ya matundu 16 lakini hutumia lugha ya kampuni. Kifaa kidogo cha bei nafuu kinachounganishwa na simu huweza kushindwa kuyasoma. Kushindwa huko si ushahidi kwamba gari ni zima, wala si ushahidi kwamba kompyuta yake imekufa.

Maana ya rangi za taa

Nyekundu ni amri ya kusimama. Taa nyekundu ya shinikizo la oili ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, dereva asimame mahali salama na kuzima injini. Kuendelea hata kwa kilomita chache kwaweza kuiua injini. Kwa taa nyekundu ya joto, azime injini na asubiri. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto, kwa kuwa mvuke wake huunguza vibaya.

Njano isiyopepesa ni wito wa kwenda kwa fundi katika siku zilizo karibu. Gari litatembea, lakini huenda linakula mafuta kupita kiasi au linajidhuru polepole.

Taa ya injini inayopepesa ni onyo kubwa zaidi. Mara nyingi humaanisha kwamba silinda inakosa kuwaka, na petroli ambayo haijaungua inaingia katika masega na kuyachoma. Dereva apunguze mwendo, asivute mzigo mzito na asiendelee na safari ndefu.

Kwa dereva wa jamii anayesubiri simu ya usiku, kanuni ni rahisi: taa iliyowaka mchana ishughulikiwe mchana.

Mambo manne kwa anayenunua gari

Magari mengi yanayonunuliwa na wakazi wa Mwanza yamekwisha kutumika Japani, na mengine yamepita kwa wamiliki wawili au watatu hapa nchini. Mnunuzi anaweza kujilinda kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, ageuze swichi hadi "ON" bila kuwasha injini, kisha atazame dashibodi. Taa ya injini, ya ABS na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka. Zile za ABS na mifuko ya hewa kwa kawaida huzimika zenyewe baada ya muda mfupi, na ile ya injini huzimika injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, kwa sababu huenda imeng'olewa au imefunikwa. Hatua hii haigharimu hata shilingi moja.

Pili, amlete fundi wake mwenye mashine, asitegemee wa muuzaji. Misimbo hufutwa kwa dakika moja, au kwa kuondoa tu waya wa betri, na gari likaonekana halina tatizo. Lakini ufutaji huacha alama. Kompyuta huwa na orodha ya majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe linapotembea, na misimbo ikifutwa majaribio hayo huanza upya. Mashine ikionesha kwamba mengi hayajakamilika, gari limefutwa misimbo au limetolewa betri hivi karibuni. Muuzaji aulizwe sababu, na gari liendeshwe siku chache kisha lipimwe tena kabla ya fedha kulipwa.

Tatu, akague masega. Baadhi ya magari hutolewa masega ili yauzwe kwa ajili ya madini yake ya thamani, na taa inayofuata hufichwa. Moshi mkali unaochoma macho na mlio wa bomba uliobadilika ni dalili za kutazamwa.

Nne, alinganishe kilomita zilizo kwenye dashibodi na zile zilizoandikwa katika hati za gari kutoka Japani, na pia na uchakavu wa pedali na usukani. Pedali iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 60,000.

Mtandao wa ndani na mtandao wa nje

Wapo wananchi wanaochanganya mfumo huu na ule wa kufuatilia mabasi unaosimamiwa na LATRA. Hiyo ni mifumo miwili. CAN ni mazungumzo ya ndani ya gari. Kifaa cha kufuatilia basi hupata mahali lilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hutuma habari ya mwendo nje ya gari kwa njia ya mtandao wa simu, ili basi linalovuka kilomita 80 kwa saa lionekane kwa wasimamizi.

Magari makubwa nayo yana lugha yake. Malori na mabasi mengi ya kisasa hutumia utaratibu unaoitwa J1939, uliojengwa juu ya CAN, na soketi yake mara nyingi ni ya duara yenye matundu tisa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilipofunguliwa Juni 2025, lori linalotoka Sengerema halipumzishi tena injini likisubiri kivuko. Dereva anayeanza safari taa ikiwa imewaka asitarajie kituo cha lazima cha kumkumbusha.

Ziwa si mahali pa kuoshea gari

Desturi ya kuingiza gari kando ya maji na kulimwagia ndoo hadi ndani ya injini ina madhara mawili. Kwanza, maji huingia katika viungio vya nyaya, huleta kutu ya kijani kwenye shaba, na wiki kadhaa baadaye taa huanza kuwaka na kuzimika pasipo sababu inayoonekana. Pili, oili na sabuni huingia katika ziwa ambalo ni chanzo cha maji ya kunywa na samaki wa mamilioni ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni kuwa eneo la hifadhi dhidi ya shughuli zinazoweza kuudhuru ziwa. Gari lioshwe mbali na maji, na injini ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Nafasi kwa vijana na mafundi

Ufundi huu ni ajira. Fundi aliyejifunza kwa kutazama anaweza kwenda VETA Mwanza kusoma umeme wa magari, au kuomba utaratibu wa kutambuliwa kwa ujuzi alioupata nje ya mfumo rasmi, ili apimwe na kupewa cheti. Kikundi cha vijana chenye gereji kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mashine ya uchunguzi, mita ya umeme na chaja ya betri ni vifaa vinavyoweza kuandikwa katika mpango wa biashara wa kikundi. Maelezo ya uundaji na usajili wa kikundi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Magari ya umma yana utaratibu wake wa matengenezo kupitia TEMESA, yenye karakana mkoani Mwanza. Mwananchi anayeona gari la wagonjwa au gari jingine la umma likitembea na taa ya onyo hakosei kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kata, kwa kuwa gari hilo limenunuliwa kwa kodi yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa ya njano ni ufa unaojionesha wenyewe, mapema, na kwa lugha ambayo sasa inaweza kusomwa hata katika gereji ya chini ya mwembe. Mama aliye na uchungu wa kuzaa, akisubiri gari kijijini usiku, hana namna ya kujua kama taa hiyo ilishughulikiwa. Anayejua ni dereva.